Kuhamia Kompyuta Mpya Bila Kuacha Rekodi za Biashara Nyuma

Ukinunua simu mpya, kuhamisha pesa si kazi. Unatoa laini kwenye simu ya zamani, unaitia kwenye mpya, unabonyeza kuangalia salio, na hela zako ziko palepale. Hii ni kwa sababu pesa hazikai ndani ya simu wala ndani ya laini. Zinakaa kwenye mfumo, na laini pamoja na PIN ni ufunguo tu. Hata simu ikianguka kwenye ndoo ya maji, salio halilowi.

Kompyuta haiko hivyo. Kwa wengi wetu, kilicho kwenye kompyuta kinakaa ndani ya lile kasha lenyewe, kwenye diski moja ndogo. Ukiiacha nyuma, umeviacha nyuma. Na wateja wetu wengi wenye tili wana kompyuta mahali fulani: laptopu chini ya kaunta, au ile ya mezani iliyofunikwa kitambaa kwa sababu ya vumbi. Humo ndimo kuna taarifa za miamala za kila mwezi, ankara, orodha ya bei, mishahara ya wafanyakazi wawili watatu, na lile daftari la madeni la Excel ambalo likipotea, wadeni wote ghafla watakuwa hawakumbuki.

Swali la kuhama limekuwa kubwa kwa sababu nyingine pia. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Kompyuta zenye Windows 10 bado zinawaka na kufanya kazi kama kawaida, lakini, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza, hazipokei tena masasisho ya usalama. Windows 11 nayo haikubali kila mashine: inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa kompyuta za Intel, kwa jumla inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa hivyo watu wengi ambao kompyuta zao hazina shida yoyote wamejikuta wakitafuta nyingine.

Kabla sijafika kwenye kuhamisha, hebu nikupe jambo moja la kununua, kwa sababu nimeona watu wakilipa kwa haraka. Kompyuta nyingi zinazouzwa Luthuli na Moi Avenue ni zile zilizotumika ng'ambo, zile tunaziita ex-UK. Hakuna ubaya wowote, nyingi ni imara kuliko mpya za bei ya chini. Ila angalia nambari ya prosesa. Ukiona i5-6300U, ile 6 inayofuata kistari inakuambia ni kizazi cha 6. i5-8250U ni kizazi cha 8. Muuzaji anaweza kukuonyesha Windows 11 ikiwaka vizuri kwenye ile ya kizazi cha 6, kwa sababu kuna njia za kuilazimisha, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine kama hiyo. Utakuwa umehama kutoka nyumba inayovuja hadi nyingine inayovuja. Na ukilipa, lipa kwa tili ya duka, si kwa nambari ya "kijana wetu". Hakikisha jina la biashara linaloonekana ndilo lililo kwenye risiti, na uhifadhi ile meseji ya malipo hadi muda wa waranti uishe.

Faili zinabebeka, programu hazibebeki

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na fundi naye huwa hana muda wa kueleza.

Faili ni kama gunia la mahindi. Unalibeba kutoka duka hili hadi lile, na linabaki kuwa mahindi. Picha, barua ya Word, jedwali la Excel, PDF, wimbo: vyote hivi unavinakili vikaenda. Programu ni kama kinu cha kusaga posho. Kimefungwa sakafuni kwa nati, kimeunganishwa na stima, mkanda unazunguka kutoka kwa mota, na kibali cha kaunti kimebandikwa ukutani. Ukikinyanyua tu kile chuma cha kusagia na kukipeleka duka jipya, hukupeleka kinu, umepeleka chuma.

Ndivyo programu ya kompyuta ilivyo. Unapoisakinisha, sehemu moja inaingia kwenye folda ya Program Files, nyingine kwenye folda zilizofichwa, nyingine kwenye rejista ya Windows ambako mipangilio na leseni huandikwa. Ukinakili folda ya programu kwenye flashi na kuipeleka kwenye kompyuta mpya, mara nyingi utapata kialama kizuri ambacho ukikibofya kinalalamika kuwa kuna kitu hakijapatikana. Kwa hivyo programu huwekwa upya, kutoka kwa mwenye programu, halafu faili zake ndizo zinazobebwa.

Zamani Windows 7 ilikuwa na chombo chake cha kuhamisha, kilichoitwa Windows Easy Transfer, lakini hata hicho kilihamisha faili na mipangilio, si programu, na kwenye Windows 10 kiliondolewa. Kuna programu za kulipia kama PCmover ya Laplink ambazo hujaribu kubeba na programu zenyewe. Kwa ofisi yenye mashine nyingi huenda ikafaa. Kwa duka lenye kompyuta moja na programu saba, mimi ningeziweka upya, maana mashine inaanza ikiwa safi bila takataka za miaka sita. Wanaotumia Mac wana raha zaidi: Migration Assistant ya Apple hubeba faili na programu kutoka Mac moja hadi nyingine.

Anza na orodha. Kwenye kompyuta ya zamani, fungua Settings, kisha Apps, na uipige picha hiyo orodha yote kwa simu yako. Inachukua dakika mbili. Kisha jiulize kwa kila programu unayoitumia: leseni yake iko wapi? Kama una Microsoft 365, unaingia tu kwa akaunti yako kwenye mashine mpya. Kama Office ilikuja na kompyuta yenyewe siku uliyoinunua, kuna uwezekano leseni imefungwa kwa mashine hiyo na haitahama. Kama Office yako "uliwekewa na jamaa fulani" kwa bei ya soda, hakuna leseni ya kuhamisha, na hili nitalirudia mbele kwa sababu linahusu pesa zako moja kwa moja.

Ukikosa leseni, LibreOffice ni ya bure, halali, na inafungua faili za Word na Excel. Mpangilio unaweza kusogea kidogo hapa na pale, hasa kwenye majedwali yenye fomula nyingi na makro. Lakini kwa daftari la madeni na barua za kawaida, inatosha kabisa.

Vitu vinavyojificha

Ukimwambia mtu "nakili faili zako", atanakili Desktop, Documents, Pictures na Downloads, afunge mashine. Hizo zinachukua labda sehemu kubwa ya ukubwa, lakini mara nyingi si zile za thamani. Za thamani zimejificha ndani ya programu.

Tuanze na programu ya mauzo, ile ya kaunta inayotoa risiti. Mauzo yako ya miaka hayakai kwenye Documents. Yanakaa kwenye hifadhidata, mara nyingi kwenye folda iliyofichwa, na wakati programu iko wazi hifadhidata hiyo huwa imefungwa, huwezi kuinakili kama faili ya kawaida. Na hata ukifanikiwa kuinakili, huenda imekatwa katikati ya muamala. Njia sahihi ni moja: ndani ya programu yenyewe tafuta sehemu ya kutengeneza nakala ya akiba, itoe hiyo nakala kwenye diski ya nje, sakinisha programu ileile kwenye kompyuta mpya, halafu uirejeshe hiyo nakala. Toleo liwe lilelile au jipya zaidi. Kurejesha nakala ya toleo jipya kwenye programu ya toleo la zamani mara nyingi hukataa.

QuickBooks ya kwenye kompyuta hufanya hivyohivyo. Faili yake ya kampuni huishia kwa .QBW, na nakala ya akiba ni .QBB. Chukua hiyo .QBB, na uandike kando nambari ya leseni na nambari ya bidhaa kabla hujaizima mashine, kwa sababu utaulizwa zote mbili.

Kwa wenye eTIMS: kama unatoa ankara kupitia tovuti au simu, hakuna la kuhamisha, unaingia tu kwa akaunti yako. Kama una programu iliyosakinishwa kwenye kompyuta, usiifute wala kuisakinisha mara ya pili kwa kubahatisha. Programu hiyo imesajiliwa kwa jina la biashara yako, na kuna ankara ambazo huenda bado hazijatumwa kwa sababu intaneti ilikuwa imekatika. Zitume kwanza, hakikisha zimefika, halafu uwasiliane na KRA au aliyekuwekea programu akuelekeze namna ya kuhamia mashine mpya. Hili si la kupuuza: tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS kwa kawaida haikubaliki kupunguza kodi, kwa hivyo ankara uliyokosa kumtumia mteja wako wa biashara inamuumiza yeye, na atakutafuta.

Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 nayo inataka utunze rekodi kwa miaka 5. Miaka 5 ni mirefu kuliko umri wa laptopu nyingi. Maana yake ni kwamba rekodi zako lazima ziishi zaidi ya mashine zinazozibeba, na siku ya kuhama ndiyo siku zinapopotea zaidi.

Kisha kuna taarifa za miamala yenyewe. Taarifa unazopokea kwa barua pepe huja kama PDF iliyofungwa kwa nambari ya siri. Utaibeba PDF, itafika salama, na miezi minane baadaye SACCO inakuomba taarifa za mwaka uliopita kwa ajili ya mkopo, unafungua, inakuuliza nambari usiyoikumbuka. Faili ipo, lakini ni kama haipo. Kwa hivyo kabla ya kuhama, zifungue moja moja. Zile zisizofunguka, omba upya taarifa ya kipindi hicho sasa hivi, si siku ya mkopo.

Barua pepe: kama unasoma Gmail kwenye kivinjari, hakuna cha kubeba. Kama unatumia Outlook ya zamani iliyosakinishwa, tafuta faili yenye mwisho wa .PST, kwa kawaida ndani ya Documents kwenye folda ya Outlook Files. Humo mna barua zako zote. Funga Outlook kabla ya kuinakili.

WhatsApp ya kwenye kompyuta ni kivuli cha ile iliyo kwenye simu. Unganisha mpya kwa msimbo wa QR, na mazungumzo yatakuja. Lakini picha na PDF ulizopakua kutoka WhatsApp kwenye kompyuta ziko Downloads, na wengi hufuta Downloads wakidhani ni takataka. Angalia kwanza. LPO ya shule moja inaweza kuwa humo.

Na mwisho, mifumo ya malipo ya biashara. Baadhi huhitaji cheti cha kidijitali kilichowekwa ndani ya kivinjari cha mashine fulani. Cheti hicho hakiji na faili zako. Kama unalipa mishahara au wasambazaji kupitia tovuti ya namna hiyo, panga kuhama katikati ya mwezi. Kuhama tarehe 30 ni kujitafutia simu za wafanyakazi.

Kubeba mzigo

Njia ninayoipendekeza kwa biashara ndogo ni diski ya nje ya USB. Flashi inafaa kwa vitu vidogo, lakini zile za bei ya chini huandika polepole na hufa bila kuaga. Intaneti inafaa kama una WiFi isiyo na kipimo, ila kama unategemea bando, piga hesabu kwanza. Google Drive inakupa GB 15 za bure, na hizo zinagawanywa pamoja na Gmail na Picha zako. OneDrive inakupa GB 5. Kompyuta ya duka iliyojaa picha za bidhaa inazidi hapo haraka sana.

Kwa muda, tarajia hivi: diski ya nje kwenye tundu la USB 2.0 hubeba takriban MB 30 kwa sekunde, kwa hivyo GB 100 ni kama saa moja. Faili ndogondogo elfu kumi huchukua muda mrefu kuliko faili moja kubwa ya uzito uleule, kwa hivyo usishtuke ukiona mstari umekwama. Na ukiambiwa faili ni kubwa mno ilhali diski ina nafasi tele, tatizo ni muundo wa diski: FAT32 haikubali faili moja inayofika GB 4. Ipange upya kuwa exFAT, ukijua kwamba kuipanga upya kunafuta kila kitu kilichomo.

Nakili, usikate. Yaani tumia Copy, kamwe usitumie Cut. Ukikata na stima ipotee katikati, huna hakika kipi kiko wapi. Ukinakili, ya zamani iko palepale, unaanza tena. Kwa sababu hiyohiyo, kompyuta ya mezani isiyo na UPS ihamishe asubuhi kama mtaa wenu stima hupotea jioni. Mnajijua.

Mtego mmoja wa OneDrive: kwenye mashine nyingi mpya kiasi, Desktop na Documents huwa zimeunganishwa na OneDrive bila mwenyewe kujua. Ukiona kialama cha wingu kando ya faili, hiyo faili haipo kwenye diski, ni jina lake tu, na mwili wake uko kwenye intaneti. Ibofye kwa kitufe cha kulia na uchague ibaki kwenye kifaa, ngoja ishuke, ndipo unakili. Vinginevyo, ingia OneDrive hiyohiyo kwenye mashine mpya na ziteremke zenyewe.

Kama kompyuta ya zamani haiwaki kabisa, usikate tamaa mapema. Mara nyingi kinachokufa ni bodi au mfumo wa chaji, na diski iko hai. Fundi anaweza kuitoa na kuitia kwenye kasha la USB, ikafunguka kama diski ya nje. Isipokuwa imefungwa kwa BitLocker, ambapo utahitaji nambari ya urejeshaji yenye tarakimu 48. Wengi hawajui kuwa wanayo, lakini kama waliingia kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi imehifadhiwa humo. Itafute leo wakati mashine bado inawaka.

Ukimaliza kunakili, usiamini tu kwa sababu mstari ulifika mwisho. Bofya folda ya zamani kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, uandike idadi ya faili na ukubwa. Fanya hivyo kwa folda mpya. Nambari zilingane. Kisha fungua faili tano sita za aina tofauti: picha moja, PDF moja, lile daftari la madeni. Jaribu pia kuchapa risiti, kwa sababu printa ndogo za risiti huhitaji programu yake ya kuiendesha isakinishwe upya, na ni afadhali kugundua hilo Jumapili jioni kuliko Jumatatu asubuhi foleni ikiwa ndefu.

Nywila, fundi, na nambari zinazoingia kwa simu

Sasa tuje mahali ambapo pesa zenyewe zinaweza kutoka.

Nywila ulizohifadhi kwenye Chrome hazihami kwa kunakili folda. Zimefungwa kwa akaunti yako ya Windows kwenye mashine ile. Njia nyepesi ni kuingia kwa akaunti ya Google kwenye Chrome zote mbili na kuwasha ulandanishi, nazo zitatokea upande wa pili. Kuna njia ya kuzitoa kama faili ya CSV, na hiyo naiogopa, kwa sababu faili hiyo ni maandishi matupu: kila tovuti, kila jina, kila nywila, kwa yeyote atakayeifungua. Ukilazimika kuitumia, ifute kila mahali siku hiyohiyo, pamoja na kwenye diski uliyobebea na kwenye pipa la taka.

Siku ya kuhama utaingia upya kwenye akaunti nyingi, na kila akaunti itakutumia nambari ya uthibitisho kwa SMS. Simu italia mara kumi. Ni hali nzuri kwa mlaghai, maana siku hiyo nambari ya uthibitisho haikushtui. Kanuni ni ileile: nambari uliyoiomba wewe, kwenye skrini iliyo mbele yako, unaiandika wewe mwenyewe. Ikija nambari ambayo hukuiomba, au mtu akikupigia akisema "ni ya kukamilisha kuhamisha akaunti", kata simu. Sisi hatukuombi PIN wala nambari ya uthibitisho, si kwa simu, si kwa WhatsApp, si siku ya kuhama wala siku nyingine.

Na fundi je? Mafundi wengi ni watu waaminifu wanaojua kazi. Lakini uaminifu si sababu ya kumwachia kompyuta yenye kila kitu kwa siku tatu ukiwa umemwandikia nywila kwenye karatasi. Mwombe afanye kazi ukiwepo, au aandae ile mpya tu, tupu, na faili uzibebe mwenyewe. Sehemu ya kubeba faili haina ufundi wowote.

Akikuambia atakuwekea Office na antivirasi "za bure", muulize ni za bure kwa nani. Programu zilizovunjwa leseni mara nyingi huja na kiambata, na kiambata hicho hupenda vitu viwili: nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na kila unachoandika kwa kibodi. Kwenye kompyuta ya kuchezea muziki, hasara ni ndogo. Kwenye kompyuta unayoingilia tovuti ya malipo ya biashara, hesabu yake ni tofauti. Windows 11 ina kinga yake, Defender, ambayo inatosha kwa duka la kawaida mradi isizimwe. Na mtu anayeweka programu ya kuvunja leseni mara nyingi huizima kwanza.

Mashine ya zamani

Usiiuze wiki hiyohiyo. Iweke kabatini angalau mwezi mmoja, hadi umefunga hesabu za mwezi na kuwasilisha marejesho ya kodi ukitumia mpya. Ni hapo ndipo vile vilivyosahaulika hujitokeza: fomula moja, barua moja, orodha ya nambari za wateja wa mkopo. Mnunuzi anayekuharakisha atapata nyingine, Luthuli ni kubwa.

Mwezi ukiisha, toka kwenye akaunti zote. Kwenye simu, fungua WhatsApp uende kwenye vifaa vilivyounganishwa, uondoe ile ya zamani. Kwenye akaunti ya Google, angalia orodha ya vifaa vyako, ufanye vilevile. Badilisha nywila ya tovuti ya malipo kama wafanyakazi walikuwa wakiingia kupitia mashine hiyo.

Kisha futa, na kufuta si kutupa kwenye pipa. Faili iliyofutwa kwa kawaida bado iko kwenye diski hadi kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za kuirudisha ni za bure. Hata kupanga diski upya kwa haraka hakuondoi data. Kwenye Windows 11 nenda Settings, System, Recovery, uchague Reset this PC, kisha Remove everything, na kabla ya kuthibitisha fungua mipangilio ya ziada uwashe Clean data. Itachukua saa kadhaa. Iache usiku, kwenye chaji.

Kama mashine haiwaki, itoe diski kabla hujaiuza kama vipuri. Bei itashuka kidogo. Lakini ndani ya diski hiyo kuna nambari za vitambulisho na simu za wateja wako, na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 wewe uliyezikusanya ndiye unayewajibika nazo, si aliyenunua kompyuta kwako. Mteja aliyekupa kitambulisho ili achukue mabati kwa mkopo hakukupa ili kiishie kwenye meza ya mtu asiyemjua.

Diski uliyobebea nayo usiigeuze kuwa ya sinema. Iandike tarehe kwa kalamu, uiweke nyumbani, mbali na duka, na kila mwisho wa mwezi uilete unakili rekodi mpya. Tayari una diski, tayari unajua zilipojificha, na inachukua dakika kumi.